Mashine Iliyopigiwa Hodi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Kazini, nyumbani, hata kwa fundi viatu wa jirani na kituo cha damu, aliitwa Kiraka, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Miwani yake ilishikiliwa na uzi wa kushonea viatu. Mkoba wake ulikuwa na viraka pande zote, na kimojawapo kilikuwa na kiraka chake chenyewe. Ukimpa kitu kimekufa, atakurudishia kikiwa hai, kinachechemea kidogo, lakini ki hai, na atakwambia kwa furaha ya kweli, "Hiki bado kipo kipo sana."

Kazi yake ilikuwa kuitunza programu ya kompyuta ya kituo hicho. Aliiandika mwenyewe ujanani, nywele zikiwa bado nyeusi, kwa lugha ya kompyuta ambayo wanaoijua siku hizi unaweza kuwakalisha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Kila alfajiri programu ile iliipitia mifuko yote ya damu iliyomo kwenye majokofu, ikaangalia ipi inakaribia kuharibika na ipi bado changa, hospitali gani inahitaji kundi gani, kisha ikachapa orodha: mfuko huu uende huku, ule ubaki, na wachangiaji hawa wapigiwe simu leo. Madereva waliisubiri orodha hiyo ndipo wawashe magari. Wako watu wengi mjini wanaotembea kwa miguu yao kwa sababu ya orodha zile, na hakuna hata mmoja anayemjua Kiraka. Yeye hakuona ubaya. Alichotaka ni kimoja tu, na alikisema wazi kwa yeyote aliyekaa naye chai: programu yake imzidi umri.

Sasa, lugha ile ya zamani iligawa programu katika aya, na kila aya ilitakiwa kuwa na jina. Mashine haikujali jina gani, ilimradi lisiwe na nafasi katikati. Watu makini waliweka majina makavu. Kiraka hakuwa mtu wa kuachiwa nafasi ya kusema akanyamaza. Aya ya kuutafuta mfuko wa zamani kuliko yote ili utoke kwanza aliiita TANGULIA-BABU. Aya ya kufunga kazi ya siku aliiita PUNDA-KACHOKA. Na ile ya dharura, inayosimamisha kila kitu pale hospitali inapopiga simu kwamba kuna mtu anavuja damu mezani, aliiita MAMA-MKWE-KAJA, kwa sababu, alivyoeleza, akifika mama mkwe hakuna anayeuliza zamu ni ya nani. Mnasimama wote. Mkewe alipoambiwa habari hiyo alinuna siku nzima, kisha akasikika akicheka peke yake jikoni.

Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye mdomo mwepesi. Mashine yenyewe, kubwa kama kabati la nguo na yenye feni inayokoroma, aliiita mke mwenza. "Wenzangu wanaibiwa waume na watu," alikuwa akisema. "Mimi wangu ameibiwa na kabati."

Mke mwenza huyo alikuwa na tabia yake moja. Asubuhi alifanya hesabu zote, kisha, kabla ya kuchapa, alinyamaza. Ilibidi mtu aje abonyeze kitufe ndipo printa ianze. Na kila aliyebonyeza alisema, "Hodi." Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianza lini. Dereva alisema hodi, mfagizi alisema hodi, hata Mkurugenzi, daktari asiyecheka hovyo, siku moja alikuta chumba kitupu akabonyeza, akasema hodi kwa sauti ndogo huku akiangalia mlangoni. Mgeni akiuliza, aliambiwa kwamba mashine hii imelelewa vizuri, haianzi kazi bila kubishiwa hodi. Mtu anapokuta jambo likifanywa hivyo na wote, hulifanya hivyo, akaendelea na maisha yake.

Lakini kabati nalo lilikuwa limezeeka. Kiwanda kilicholitengeneza kilishafungwa, spea zilitoka kwenye makabati mengine yaliyokufa, na mara moja Kiraka aliliokoa kwa mkanda wa cherehani ya mkewe, jambo ambalo cherehani haijalisamehe mpaka leo. Mkurugenzi akatangaza kwamba lazima kituo kihamie mashine mpya. Zikatokea njia mbili, na balaa likawa kwamba zote mbili zilikuwa zinalala nyumba moja.

Njia ya kwanza ilikuwa kununua programu ya kutafsiri programu. Unailisha lugha ya zamani upande huu, inakutolea lugha mpya upande ule, mstari kwa mstari, bila mtu kushika kalamu. Wafanyakazi waliibatiza Mkalimani. Kiraka aliipenda kabla hajaiona, maana kwake yeye ilikuwa na maana moja: kazi yake itahamia nyumba mpya na vyombo vyake vyote.

Njia ya pili ilikuwa kuandika upya tangu mwanzo. Aliyeitetea njia hiyo alikuwa Kitinda, binti yake wa mwisho, aliyesomea mambo hayohayo na kupita usaili wa kituo bila baba yake kujua, hadi siku alipomkuta mezani kwake akisema, "Shikamoo, Baba. Nimeletwa kukusaidia." Baba mtu aliitikia marahaba huku akitafuta pa kukaa.

Basi chai ya asubuhi ikawa baraza.

"Ya kale ni dhahabu," baba akaanza.

"Dhahabu isiyo na spea?" binti akajibu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama. Mimi nyufa zangu nimeziba zote."

"Umeziba, Baba, mpaka ukuta wenyewe hauonekani. Ni viraka vitupu. Tukimpa Mkalimani, atatutafsiria na viraka. Tutakuwa na mambo ya kale kwa lugha mpya."

"Na mkiandika upya mtakosea yale niliyoyakosea mimi zamani nikajifunza. Damu hiyo, si mchezo."

"Ndiyo maana kila jioni naisoma yako, aya kwa aya. Siwezi kuandika upya kitu nisichokielewa."

"Unaisoma ili uifute."

Hapo Kitinda akainamia kikombe chake, kwa sababu ilikuwa kweli. Mama akasukuma sahani ya mkate katikati yao. "Kuleni. Mke mwenza wangu anagombaniwa kama mali ya urithi, na bado anapumua."

Kiraka alitoka nyumbani akiwa na donge. Tusimcheke. Mtu akijenga nyumba, ataipita barabarani na kuionyesha wajukuu. Aliyeandika programu hana cha kuonyesha. Siku ikizimwa, ni kama hakuwahi kukaa pale. Na anayetaka kuizima awe mtoto uliyemfundisha kuhesabu kwa vidole vyako mwenyewe! Ilimuuma, na kwa kuwa alimpenda, ilimuuma mara mbili.

Mkurugenzi akaamua kumjaribu Mkalimani kwanza. Muuzaji wake akaja, kijana mwenye tai na maneno matamu, akailisha programu yote, na kabla chai haijapoa ikatoka imekuwa mpya. Walipojaribu kipande kimoja kimoja kwenye kompyuta ya yule kijana, majibu yalilingana na ya zamani, mfuko kwa mfuko. Kiraka alitembea siku ile kama bwana harusi. Nyumbani alikula vizuri, hata akamwambia binti yake, kwa upole wa mshindi, kwamba asijali, kazi nyingine zipo.

Siku ya majaribio kamili, mashine mpya iliachiwa ifanye kazi yenyewe. Ilikuwa imefungwa kwenye chumba chake, haina kioo wala kibao cha herufi, na orodha ilitakiwa kwenda moja kwa moja hospitalini bila mkono wa mtu. Lile kabati nalo liliachwa liendelee pembeni, jambo lisiharibike. Asubuhi wakakusanyika. Kabati la zamani likafanya hesabu, likanyamaza, mfagizi akalipigia hodi, likachapa. Hospitali zikapigiwa simu: je, orodha ya mashine mpya imefika? Haijafika. Wakasubiri. Haijafika.

Muuzaji alifungua kompyuta yake, akalegeza tai. "Haijaharibika," akasema. "Imefika mahali imesimama tu. Kama vile inasubiri kitu."

Dereva mmoja, aliyekuwa mlangoni akisubiri orodha yake, akasema kwa mzaha, "Mmeipigia hodi?"

Wakacheka. Kisha kicheko kikafa polepole, mmoja baada ya mwingine, maana wote walikuwa wameelewa. Mkalimani alikuwa ametafsiri hodi pia. Kule ndani ya chumba kilichofungwa, mashine mpya isiyo na kitufe ilikuwa imekaa kwa adabu zote, ikisubiri mtu aje abonyeze.

"Tunaweza kuiondoa sehemu hiyo," muuzaji akasema. "Ni jambo dogo."

"Ngoja," Mkurugenzi akasema. "Iliwekwa kwa nini? Kama mtu alitakiwa kukagua kitu kabla damu haijatoka hapa, siiondoi. Siwezi kuondoa kitu nisichojua kiliwekwa kwa nini." Akamgeukia Kiraka, kwa heshima. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyeandika. Kwa nini isubiri?"

Kiraka akajaribu kukumbuka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiingia, akifungua dirisha, akiwasha feni, akibonyeza, akisema hodi, na mkono uliokuwa ukibonyeza haukuwahi kukieleza kichwa sababu. "Sikumbuki," akasema.

"Basi nitafutie. Tukijua, tutaamua. Tusipojua, Mkalimani hatufai."

Angeweza kwenda kuitazama programu ya zamani. Lakini aliyekwisha kusifia harusi hawezi kurudi kuuliza kama bibi harusi ni mzuri. Alitaka jibu litoke kwenye tafsiri, aonyeshe watu kwamba Mkalimani hajapoteza kitu. Akavaa miwani yake ya uzi, akaketi mbele ya kazi yake mwenyewe katika lugha mpya.

Hakuitambua. Mkalimani alikuwa ameyatupa majina yote na kuweka namba. Hapakuwa na babu wa kutangulia, wala punda, wala mama mkwe. Palikuwa na aya baada ya aya, zote zimefanana, kama watoto wake wamevalishwa sare moja na kuandikwa namba migongoni. Kila kitu kilifanya kilekile kilichokuwa kikifanya zamani, na hakuna kilichosema kwa nini. Aliipata ile aya inayosubiri. Ilikuwa namba tu. Aliitazama mpaka macho yakamchoma, nayo haikumwambia neno. Akaanza kuogopa kwamba labda kweli ilikuwa ya ukaguzi, kwamba kulikuwa na kitu cha kuangaliwa kila asubuhi ambacho amekisahau, na watu wamekuwa wakisema hodi na kucheka juu ya jambo la uhai wa mtu.

Mchana Kitinda akamkuta hapohapo, chai yake imeota utando.

"Baba, njoo nikuonyeshe."

"Niache kwanza, mwanangu."

"Njoo tu. Na mimi nina swali, nimekuwa nalo tangu nilipofika kwenye aya hiyo. Niliona nikikuuliza utadhani nakuchokoza."

Akamshika mkono kama mtu anayevusha mzee barabara, wakaingia chumba cha mashine ya zamani. Kitinda akaandika haraka, na kwenye kioo cha kijani ikatokea aya fupi, mistari michache, kazi yake kusubiri kitufe kibonyezwe. Juu yake, kwa mkono wa Kiraka wa zamani, lilikuwepo jina: USIMWAMSHE.

"Asiamshwe nani, Baba?"

Kiraka alivua miwani. Akatazama jina, akatazama printa, kisha akainama kwa shida ya magoti yake, akatazama chini ya meza. Chini hapakuwa na kitu ila nyaya na vumbi. Lakini yeye aliona boksi la karatasi za printa, kubwa, limetandikwa koti lake.

"Wewe," akasema.

Kisha yakaja yote, kama maji yanayorudi bombani yakianza kwa kukohoa. Mama yake Kitinda alikuwa na zamu za usiku, anarudi jua limeshatoka. Yeye ilimpasa awe kituoni alfajiri. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa kifua, usingizi wake wa kuokoteza, na akishtuliwa alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Kwa hiyo Kiraka alimbeba begani amelala, akamlaza kwenye boksi chini ya meza. Na printa ile ilikuwa na nyundo ndani yake. Ikianza, meza yote inatetemeka. Asubuhi ya kwanza ilimwamsha mtoto kwa kishindo, na alivyokohoa siku ile baba mtu hakutaka kuona tena. Akakaa akaandika aya moja: fanya hesabu zote, lakini usichape mpaka nikuambie. Mtoto akianza kujigeuza, yeye alichuchumaa akagonga boksi kwa kidole. Hodi humo ndani. Kikatoka kisauti, Karibu. Ndipo alipobonyeza.

"Waliniona nikisema hodi na kubonyeza," akasema. "Wakadhani nasema na mashine. Mtoto akakua, akaenda shule, na mimi mwenyewe nikaendelea."

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni. Alilia bila kuficha, naye Kiraka akampigapiga mgongoni kama enzi zile za kikohozi.

Jioni ileile wakaenda kwa Mkurugenzi. Kiraka alisimama wima. "Daktari, nimekumbuka. Si ukaguzi. Nilikuwa na mtoto amelala. Iondoeni, mwenyewe ameshaamka."

Mkurugenzi alimtazama baba, akamtazama binti mwenye macho mekundu, akakohoa kidogo. "Basi tatizo limekwisha. Tunaweza kuendelea na Mkalimani, kama ulivyotaka."

Hiyo ndiyo dakika aliyokuwa akiiombea. Programu yake ingemzidi umri, kwa amri ya mkuu. Kiraka alitazama viatu vyake vyenye viraka.

"Hapana," akasema. "Mkalimani ametafsiri kila nilichoandika, na hakunisoma. Huyu anataka kunifuta, na amenisoma neno kwa neno. Mpe yeye aandike upya. Kuna mambo mengine mle ambayo ni ya damu kweli, na sababu zake ziko kichwani mwangu mpaka leo. Atakuwa ananiuliza, nami namjibu. Nikishindwa, tutakumbuka wote wawili."

Nyumbani mkewe alisikiliza habari yote amesimama, mwiko mkononi. "Kumbe," akasema mwishowe. "Miaka yote namwita mke mwenza, kumbe alikuwa yaya wa mwanangu." Akageukia sufuria yake, na alikaa hapo muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Kazi ya kuandika upya haikuwa ya haraka, wala haikukosa ugomvi. Walibishana juu ya kila kiraka. Kiraka aligundua kwamba vingine aliviweka kwa sababu ya ubovu wa mashine iliyokwisha kufa, akaviaga mwenyewe. Vingine alivipigania na kushinda, kwa sababu nyuma ya kila kimoja palikuwa na mgonjwa ambaye siku moja alikaribia kupewa mfuko usiomfaa. Kitinda aliandika kila kitu kwa njia yake, safi, hatua zimefuatana. Ila majina hakuyagusa. Leo hii vijana wa kituo, wenye vyeti vya ukutani, hospitali ikipiga simu ya dharura utawasikia wakiitana kwenye korido, "Mama mkwe kaja!" na wote wanasimama.

Asubuhi ya mwisho ya kabati, mashine mpya ilikuwa imeshapeleka orodha yake hospitalini bila kumngoja mtu, na magari yameshaondoka. Kiraka aliingia kama kawaida. Akafungua dirisha, akawasha feni. Kabati lilikuwa limemaliza hesabu zake zisizohitajika na mtu, limenyamaza. Hakumwona Kitinda, aliyekuwa ameingia chini ya meza kuzitenganisha nyaya za kung'olewa, miguu yake tu ndiyo imetokeza nje.

Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe.

"Hodi," akasema.

"Karibu," ikatoka sauti chini ya meza.

Kiraka akabonyeza, na printa ikaanza kupiga kwa kishindo chake chote, meza ikatetemeka. Hakuna aliyeizuia. Waliiacha ichape mpaka mstari wa mwisho.